Urithi Usio na Msiba

Baadhi yetu katika klabu hii tunasoma kompyuta, na somo la urithi wa klasi halitukwepi. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunafanya mtihani kwa Kiingereza, kisha tunakuja mikutanoni kuzungumza Kiswahili cha salamu, methali na pilau. Kwa maoni yetu, mgawanyo huu unatupunja.

Chukueni neno lenyewe. Kwa kawaida urithi huja baada ya msiba: mwenye mali amefariki, mali inagawanywa, kila mrithi anachukua fungu lake. Katika programu hakuna msiba. Klasi ni kielelezo cha kutengenezea vitu. Tukiandika klasi Chombo yenye uwezo wa kubeba abiria, kisha klasi Jahazi inayoirithi, Chombo hubaki hai na mali yake haipungui hata warithi wakiwa 10. Tena mzazi akibadilishwa leo, watoto nao hubadilika, ila pale walipojiandikia ya kwao. Basi huu ni urithi wa sura na tabia, si wa nyumba na shamba.

Kiswahili hutusaidia pia kujua wakati wa kurithisha. Jahazi ni chombo, na lirithi. Jahazi lina tanga. Tanga liwekwe ndani yake, lisifanywe mzazi. "Ni" na "lina" hazichanganyiki. Kipimo hiki hakitoshi peke yake: mraba ni mstatili, lakini programu ikiruhusu kubadili upana bila kugusa urefu, mraba unaharibika. Hata hivyo, kinatuanzishia fikra.

Wapo watakaosema hatuna istilahi. Klasi na programu ni maneno ya mkopo, kama meza na shule. Na dhana hii ilianzia katika lugha ya Simula 67, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kule Oslo, mji ambao lugha yake ina wasemaji wachache mno kuliko Kiswahili.

Tunaomba mkutano mmoja kila mwezi uwe wa kueleza masomo yetu kwa Kiswahili, yawe ya kompyuta, uuguzi au sheria. Walimu wetu nao wapokee insha za namna hiyo. Mzazi anayepiga simu kutoka nyumbani kuuliza tunasoma nini anastahili jibu refu kuliko "kompyuta tu, mama."