“Kataa Ndoa” na Kilio cha Mwanaume wa Leo

Kwa miaka kadhaa sasa kaulimbiu ya “Kataa Ndoa” imeenea katika mitandao ya kijamii nchini Tanzania, na wengi wanaoitangaza ni vijana wa kiume. Hoja zao zinafahamika: kwamba mwanamke wa leo anatafuta mali wala si mume, kwamba sheria imeegemea upande mmoja, kwamba mwanaume akifilisika hakuna anayemlilia. Wapo wanaolichukulia jambo hili kama utani. Sisi mapadre hatuwezi, kwa sababu maneno hayohayo tunayasikia ofisini kutoka kwa kijana aliyekuja na mchumba wake kuandikisha ndoa, kisha akarudi peke yake kuahirisha.

Tuanze kwa kukiri kilicho kweli. Kwa vizazi vingi mwanaume amepimwa kwa kile anachokileta nyumbani. Leo mashamba ya ukoo yamegawanywa hadi kuwa vipande, ajira ni haba, na vijana wengi wanaishi kwa kipato cha siku moja. Uwezo umepungua, kipimo kimebaki kilekile. Anayeshindwa hucheka na wenzake kijiweni na kulia peke yake. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha kwamba duniani wanaume wanaojiua ni takriban mara mbili ya wanawake.

Katika kipindi hichohicho wanawake wamepata sauti. Mkutano wa Beijing wa mwaka 1995 uliongozwa na Mtanzania, Mama Getrude Mongella, akiwa Katibu Mkuu wake. Kuinuliwa kwa binti si kosa dhidi ya kaka yake. Kosa ni letu, tuliodhani kwamba kaka atajilea mwenyewe.

Hata hivyo, hoja kuhusu sheria inahitaji ukweli. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja za wanandoa. Hakiamuru kwamba kila kitu kikatwe nusu kwa nusu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Lakini mke huyo hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana alizitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Hiyo si mahakama inayomwonea mwanaume.

Tena, anayekataa ndoa lakini akaishi na mwanamke hajakwepa kitu. Kifungu cha 160 kinasema kwamba wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na watoto wakizaliwa, wajibu wa kuwatunza upo, iwe baba alivaa pete au hakuvaa.

Basi tatizo lenyewe liko ndani zaidi. Anayemtaka mwanaume kwa ajili ya mfuko wake, na mwanaume anayekimbia ndoa ili aulinde mfuko wake, wanakubaliana katika jambo moja: kwamba mwanaume ni mfuko. Hapo ndipo imani yetu inapokataa. Mtume Paulo anapowaagiza waume kuwapenda wake zao (Efe 5:25), kipimo anachowapa ni Kristo aliyejitoa mwenyewe kwa ajili ya Kanisa. Mtakatifu Yosefu, alipompeleka Mtoto hekaluni, familia yake ilitoa ndege wawili, sadaka ya maskini (Lk 2:24). Hakuna aliyeuona umaskini huo kuwa upungufu wa uanaume wake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Barua ya Kitume Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020, alifundisha kwamba kuzaa mtoto peke yake hakumfanyi mtu kuwa baba. Anakuwa baba kwa kulitwaa jukumu la kumlea.

Nasi tujihoji. WAWATA imewalea akina mama wetu tangu mwaka 1972. Wanaume wangapi wanahudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo, mbali na wale wanaosubiri nje chini ya mwembe? Wavulana wangapi wanaonekana tena baada ya Kipaimara? Katika mafundisho ya ndoa, je, wachumba wanazungumza waziwazi kuhusu kipato, madeni na mali? Na ninyi wazazi mnaoipandisha mahari kana kwamba mnauza, mnamfundisha nini mkwe wenu kuhusu thamani yake, na binti yenu kuhusu ya kwake?

Akina baba wa UWAKA, anzeni hapo: kila mmoja amchukue kijana mmoja, amkaribishe nyumbani, amwoneshe jinsi mume anavyoomba msamaha kwa mke wake, na jinsi baba asiye na fedha anavyobaki kuwa baba. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kaulimbiu ya kumlinda.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, utuombee.