Tuta la Mtoto Kabla ya Masika

Kaskazi inakaribia kumalizika. Visima vimepungua maji, udongo wa mabondeni umeanza kupasuka, na wenye mashamba wanatazama mawingu. Wiki hizi mbili tatu zilizobaki kabla masika hayajashika ndizo za kutayarisha bustani ya nyumbani. Safu yetu leo inawahusu wazazi wenye mtoto wa baina ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, ambao aghalabu husema kwamba mwaka huu hawatapanda kitu uwani kwa sababu mtoto atavuruga. Rai yetu ni kinyume cha hayo. Mtoto na apewe tuta lake, na bustani yote ipangwe kwa kumkadiria yeye.

Tuanze na wakati. Wazee wetu wa Pemba hawakupima majira ya kupanda kwa mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo ni wa ibada, nao hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani, ambayo miaka hii imefika mlangoni mwa masika, sisi tulipokuwa skuli tuliifunga wakati wa vuli. Kwa kilimo walihesabu siku kuanzia Nairuzi, ambayo huangukia mwezi wa Julai, wakazigawa katika miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo, mwishoni mwa Februari miongo ishirini na miwili hivi imekwisha pita. Anayeijua hesabu ya miongo anajua pia kwamba mbegu ndogo hutangulia mvua kubwa, kwani mvua ya masika ikishuka juu ya mchicha uliomwagwa jana huusomba wote ukaote kwa jirani.

Mchicha ndio mmea wa mtoto. Subira ya mtoto wa miaka miwili ni fupi, na mchicha huchomoza baada ya siku tatu hadi tano, kisha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Tuta lake lisizidi nusu mita kwa upana, ili mkono mfupi ufike katikati bila ya miguu kukanyaga, na urefu wa mita moja unamtosha. Mbegu zenyewe ni ndogo mno kwa vidole vyake. Kwa hivyo changanyeni kijiko kimoja cha mbegu na konzi kadhaa za mchanga mkavu, kisha mwacheni amwage. Mchanga ndio utakaozitawanya.

Kunde na bamia ni mbegu kubwa anazoweza kuzishika na kuzidondosha shimoni moja moja. Hapa pana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mtoto wa umri huu hutia punje puani na sikioni, na punje ya kunde ikipata unyevu huvimba. Apewe moja, aitie shimoni, ndipo apewe nyengine. Pili, mbegu nyingi za madukani hupakwa dawa yenye rangi nyekundu au ya kijani. Hizo asizishike kabisa. Mtafutieni mbegu zilizokaushwa nyumbani au kwa jirani. Tungule na mabilingani yabaki kwenye matuta ya wakubwa, maana yanataka kitalu kwanza, na tungule hushambuliwa sana na maradhi ya majani katika unyevu wa masika.

Wenzetu wa Micheweni, ambao ardhi yao ni ya maweni, na waliopanga katika nyumba za maendeleo za Wete na Mkoani, wanaweza kutumia karai bovu, dumu lililokatwa au gunia la udongo. Muhimu chombo kitobolewe chini maji yapate pa kutokea.

Sasa tuje kwenye samadi, mas'ala ambayo huulizwa mara kwa mara. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha mnyama ni najisi hata akiwa ni mnyama wa kuliwa, lakini wanazuoni wameruhusu kukitia ardhini kwa ajili ya kuotesha, na mboga iliyoota hapo ikishaoshwa ni tohara. Hukumu hii ina faida yake hata kwa asiyejishughulisha na fiqhi, kwani inatulazimisha kufanya lile ambalo mabwana afya wanalitaka. Samadi itiwe na mtu mzima, iwe imeoza na kukauka kwa miezi kadhaa, ichanganywe na udongo siku kumi au zaidi kabla ya mtoto kuitwa tutani, na kila kinachotoka tutani kioshwe kabla hakijaingia jikoni. Samadi mbichi ya jana isikaribie mikono ya mtoto. Na tuta liwe mbali na choo.

Viatu navyo visisahauliwe. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu ulio pekupeku, ikafika tumboni na kufyonza damu. Kichocho nacho huingia kupitia ngozi ndani ya maji ya mabwawa na mito. Kisiwa chetu kimeyajua maradhi haya kwa muda mrefu. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekuwa ikiyachunguza miaka yote hii. Basi mtoto avae kandambili hata kama ni hatua kumi tu kutoka mlangoni, na asichukuliwe mtoni eti akasaidie kuteka maji ya kumwagilia. Maji yawe ya kisima au ya bomba, na ndoo isiachwe wazi uwani ikiwa imejaa, kwani mtoto mdogo huweza kuzama katika ndoo.

Kuhusu maji, tuna neno kwa kamati za misikiti, maana huko ndiko tuliko. Maji yaliyokwisha kutawadhiwa udhu wa faradhi ni tohara kwa nafsi yake, ingawa hayafai kutawadhiwa tena. Kumwagilia mchicha hakuna ubaya. Katika misikiti mingi maji hayo hutiririka mferejini yakapotelea njiani wakati jirani mwenye tuta anahangaika na ndoo. Mfereji wa udhu ukitenganishwa na ule wa kustanjia, na hili ni sharti lisilo na mjadala, kamati inaweza kuridhia jirani ayakinge. Maji safi ya bombani ni jambo jengine: hayo yamewekwa kwa ajili ya wenye kuswali, wala hayachotwi kwa bustani ya mtu.

Katika tuta la mtoto isiingie dawa ya kuulia wadudu. Kila anachokiona mtoto hukitia mdomoni, na jani lililopigwa dawa asubuhi halimwambii kitu. Kubaya zaidi ni mazoea ya kununua dawa kwa kupimiwa, ikatiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya uvungu. Chupa ya soda mtoto anaijua ni kitu gani. Kwa mchicha wa nusu mita, viwavi huokotwa kwa mkono, jivu hunyunyizwa majanini, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa hutosha. Konokono waokotwe na mtu mzima. Adui mkubwa kuliko hao wote ni kuku, naye dawa yake ni wigo wa makuti.

Anas bin Malik (R.A.) ndiye aliyetupokelea Hadithi, iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, inayoeleza kwamba Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Hadithi hii husomwa sana kwenye mimbari kila inapohimizwa kupanda miti. Lakini Anas huyo huyo ametupokelea pia habari za mdogo wake, Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kijindege akichezea, na jinsi Mtume (S.A.W.), pamoja na mizigo yote ya Umma aliyokuwa nayo, alivyokuwa akimuuliza mtoto yule habari za kijindege chake. Sisi tunapenda kuzisoma riwaya hizi mbili pamoja. Baba anayerudi kazini akamuuliza mwanawe mchicha wake umefanya nini leo, halafu akachutama naye kuutazama, ana mfano mwema wa kuufuata. Kwa desturi yetu kazi ya mboga za uwani imeachiwa akina mama, na baba huijua bustani siku ya kula tu. Nusu saa baina ya Alasiri na Magharibi, jua likiwa limepoa, yatosha.

Kazi za mtoto katika nusu saa hiyo si nyingi. Atamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo chini, na nusu ya maji itamwagikia miguuni mwake. Atachimba pale palipokwisha chimbwa. Na atang'oa, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hapambanui mche na gugu. Hilo lisiwaudhi: mchicha uliomwagwa hutaka kupunguzwa ili upate nafasi, na miche anayoing'oa mingi ingeng'olewa na nyinyi. Mwageni mbegu maradufu ya haja yenu, mambo yatakuwa sawa.

Yakishafika mavuno, mchicha uliwe na mwenyewe. Watoto wengi wanaokataa mboga sahanini huikubali waliyoikata kwa mkono wao. Upikwe kwa tui, maana mafuta ya nazi huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo majanini. Ukamuliwe ndimu na utiwe dagaa kidogo, maana madini ya chuma ya majani huingia mwilini kwa shida bila ya visaidizi hivyo. Chai ya rangi, ambayo majumbani mwetu watoto hupewa pamoja na chakula, huyazuia madini hayo, basi mtoto apewe maji. Kisamvu, kwa wanaokipenda, kitwangwe na kichemshwe muda mrefu, na mtoto asiachiwe kutafuna jani bichi la muhogo.

Mnapovuna, kateni mchicha vidole vinne juu ya ardhi badala ya kuung'oa, na mashina yaliyobaki yamwagiliwe jioni ile ile. Baada ya wiki mbili hivi yatakuwa yamechipua tena, na masika inshaallah yatakuwa yameshika, kazi ya kopo imepungua.