Somo la uchumi lisifundishwe kwa jicho moja

Mwezi Juni, 2000, wanafunzi wa uchumi wa vyuo vikuu vya Paris, Ufaransa, walitoa waraka wa wazi kuhusu mafunzo waliyokuwa wakipewa. Walilalamika kwamba wanafundishwa ulimwengu wa kubuni, kwamba hisabati imegeuzwa kuwa lengo badala ya chombo, na kwamba nadharia moja tu ndiyo iliyopewa nafasi darasani. Waziri wa Elimu wa nchi hiyo, Jack Lang, hakuwapuuza. Alimpa mchumi Jean-Paul Fitoussi kazi ya kuyachunguza madai hayo, na taarifa ikatoka mwaka 2001. Mwaka huo huo wanafunzi 27 wa shahada ya uzamivu huko Cambridge, Uingereza, walitoa waraka wa namna hiyo.

Wakubwa wengi wa vyuo waliona kelele za vijana. Ukaja mwaka 2008. Mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yalitikisika, watu wakapoteza kazi na nyumba, na wataalamu waliojaa shahada hawakuwa wameiona hatari hiyo ikija. Novemba mwaka huo Malkia Elizabeth alipotembelea chuo cha uchumi cha London aliuliza swali ambalo hata mwananchi wa kawaida angeliuliza: kwa nini hakuna aliyeliona jambo hili mapema?

Wanafunzi waliuliza swali hilo hilo kwa nguvu zaidi. Novemba 2011, wanafunzi wapatao 70 wa Harvard walitoka nje ya mhadhara wa Profesa Gregory Mankiw, wakidai kuwa somo lake linaegemea upande mmoja. Mwaka 2012 wenzao wa Manchester waliunda chama chao, na mwaka 2014 wakatoa taarifa ndefu kuhusu mafunzo ya chuo hicho. Mwezi Mei mwaka huo vyama 65 vya wanafunzi kutoka nchi 30 vilitia sahihi tamko moja. Vilidai mambo matatu: nadharia zaidi ya moja zifundishwe, njia mbalimbali za utafiti zitumike, na uchumi ufundishwe pamoja na historia, siasa na elimu ya jamii.

Ni kosa kudhani kwamba mjadala huu ni wa Wazungu peke yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliushughulikia miaka 30 kabla ya waraka wa Paris. Profesa Tamás Szentes kutoka Hungary alifundisha hapo uchumi wa nchi zilizonyonywa. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia, alitoa mwaka 1972 kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwaka uliofuata Justinian Rweyemamu alitoa kitabu juu ya viwanda na hali duni ya Tanzania. Wasomi hao hawakukubaliana katika kila jambo, lakini wote walianza na swali moja: uchumi huu ni wa nani, na umefikaje hapa ulipo?

Swali hilo lina uzito kwa mtumishi wa umma. Kijana anayehitimu leo ndiye atakayeandika makadirio ya wizara kesho. Akiwa amefundishwa kwamba mkulima ni mfanyabiashara mdogo anayejua bei zote, atashangaa kumkuta mkulima wa kweli: analima kwanza chakula cha watoto, anauza kwa mnunuzi mmoja aliyefika kijijini, na mkewe anafanya kazi ambayo haimo katika hesabu yo yote.

Walimu wanao mfano ulio karibu zaidi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilishauriwa kwamba wazazi wachangie gharama za elimu ya msingi, kwa hoja kwamba mchango mdogo hautamzuia mtoto. Ada ilipofutwa mwaka 2001, watoto walifurika mashuleni hata madarasa na madawati yakapungua. Mchango ulioitwa mdogo katika karatasi ulikuwa ukuta kwa familia maskini. Hesabu zenyewe huenda zilikuwa sahihi; picha ya mzazi iliyokuwa ndani yake ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Wako wanaosema kwamba nadharia nyingi zitamchanganya mwanafunzi, na kwamba bila hisabati uchumi hugeuka porojo. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini vijana hao hawakuikataa hisabati, walikataa kuiabudu. Hoja ya kwanza haina nguvu, kwani daktari hafundishwi dawa moja tu ati kwa kuogopa kumchanganya. Aidha, itakuwa hasara kuondoa kitabu kimoja kitakatifu na kuweka kingine mahali pake. Mwanafunzi anayekariri Marx bila kuhoji hana tofauti na anayekariri mizani ya soko bila kuhoji.

Yako yanayoweza kufanywa bila kungoja fedha za kigeni. Vyuo vyetu virudishe historia ya uchumi na ya mawazo ya kiuchumi katika mwaka wa kwanza. Mtihani umtake mwanafunzi apime nadharia mbili juu ya tatizo moja la nchini. Mwalimu wa uchumi wa kidato cha tano awapeleke wanafunzi gulioni wakaone bei inavyopangwa, kisha wafungue kitabu na kulinganisha.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Taifa linaloandaa wachumi wenye akili ya namna moja litapata ushauri wa namna moja, na siku ushauri huo utakapokosea hatakuwapo mtu wa kulionya.