Gia ya Pikipiki ni Somo la Fizikia

Miongoni mwa waendesha pikipiki umeenea usemi kwamba apandishaye gia mapema huokoa petroli na kuitunza injini. Usemi huo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki huwagharimu vijana wengi injini na kipato cha siku. Swali la wakati wa kubadili gia hujibiwa kwa mazoea, ilhali jibu lake limo katika fizikia ya sekondari.

Katika injini kuna mambo mawili yasiyopasa kuchanganywa. La kwanza ni kani ya kuzungusha, ambayo huusukuma mhimili wa injini uzunguke. La pili ni nguvu, yaani kazi inayofanyika kwa kila sekunde; nayo hupatikana kwa kuzidisha kani hiyo kwa kasi ya mzunguko. Mambo haya hayafikii kilele pamoja. Mfano wa darasani ni injini itoayo nyutonimita 12 ikiwa na mizunguko 5,000 kwa dakika, na nyutonimita 10.5 ikiwa na mizunguko 7,500. Kani imepungua, lakini nguvu imepanda kutoka kilowati 6.3 hadi 8.2.

Gia haizalishi nguvu. Hupunguza kasi ili kuongeza kani, au kinyume chake. Ikiwa gia ya pili ina uwiano wa 1.8 na ya tatu 1.35, anayepandisha gia kwenye mizunguko 5,000 huishusha injini hadi 3,750, na kani ifikayo gurudumuni hupungua kwa zaidi ya robo papo hapo. Kwa hiyo anayetaka kuongeza mwendo upesi, kwa mfano kulipita lori, hana budi kungoja hadi kilele cha nguvu kipitwe kidogo, pale ambapo nguvu ya gia inayofuata inalingana na ile iliyobaki katika gia ya sasa. Hata hivyo, kikomo cha mizunguko alichoweka mtengenezaji kisivukwe.

Kwenye barabara tambarare hali ni tofauti. Msuguano huongezeka kadiri mizunguko inavyozidi, na injini inayovuta hewa kupitia mlango uliobanwa hupoteza kazi nyingi. Hapo gia ya juu na mizunguko ya wastani huokoa mafuta kweli. Lakini injini ikianza kutetemeka, kugonga na kuukung'uta mnyororo, uokoaji umekwisha na uharibifu umeanza. Mwenye kupanda Kitonga akiwa na abiria na mzigo yampasa ashushe gia kabla injini haijalemewa. Wakati wa kuteremka, gia ya chini huisaidia breki isipate joto kupita kiasi.

Wako watakaosema kwamba hesabu hizi hazina faida, kwa kuwa pikipiki nyingi ndogo hazina kipimo cha mizunguko. Hoja hiyo ni dhaifu. Kipimo cha mwendo kipo, na uwiano wa gia unaweza kupatikana kwa kuhesabu meno. Ikiwa mzunguko wa tairi ni mita 1.8 na injini huzunguka mara 12 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, basi mizunguko 6,000 ni sawa na kilomita 54 kwa saa. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kutengeneza jedwali la gia zote kwa kipindi kimoja, kisha akalifananisha na sauti ya injini.

Wanafunzi wengi hukariri fomula ya nguvu, wakafaulu mtihani, kisha wakaendesha pikipiki kana kwamba hawakuwahi kuisoma. Mwalimu anayeleta sanduku bovu la gia darasani na kuwaacha wanafunzi wahesabu meno yake hapotezi wakati wa mtaala. Anawaonyesha kwamba fomula ile ubaoni ndiyo inayoipandisha pikipiki mlimani.