Noti ya zamani ya Kijerumani: Rangi inapandisha bei, picha ya simu inadanganya

Fikiria noti mbili za mji mmoja wa Ujerumani, za mwaka 1921. Thamani ileile, mchoro uleule. Moja ya kijani, nyingine ya bluu. Mtandaoni, ile ya bluu imewekewa bei mara kadhaa ya mwenzake na muuzaji anasema ni adimu sana. Mnunuzi ana picha tu kwenye simu. Alipe?

Hapo ndipo wakusanyaji wengi wapya wa Notgeld, yaani pesa za dharura za Ujerumani, wanapopigwa. Nyingi ya noti hizi huuzwa kwa euro chache tu, kwa sababu zilichapishwa kwa wingi mno. Kinachoipaisha bei mara nyingi ni kitu kidogo: rangi ya wino, rangi ya karatasi, au namba iliyopigwa kwa wino mwekundu badala ya mweusi.

Tofauti hizo hazikuja kwa bahati mbaya. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walianza kuficha sarafu za fedha majumbani. Baadaye shaba na nikeli nazo zikahitajika kwa silaha. Chenji ikaadimika. Miji, viwanda na hata migodi vikaanza kujichapishia vijinoti, kila mmoja kwa mchapaji wake na karatasi aliyoipata. Wino ukiisha katikati ya kazi, alitumia uliokuwepo. Rangi ikabadilika, mchoro ukabaki.

Kisha mambo yakageuka biashara. Kati ya 1920 na 1922 miji iligundua kwamba watu wananunua noti hizo na kuzitunza kwenye albamu. Na noti ambayo hairudi kudai malipo ni faida tupu kwa aliyeitoa! Hameln ilitoa zenye hadithi yake ya mpiga filimbi na panya. Benki ya akiba ya mji wa Bielefeld ilienda mbali zaidi, ikachapisha pesa kwenye hariri, kitani na mahameli, noti ileile kwa rangi kadhaa ili mkusanyaji azitake zote. Kwa hiyo rangi nyingine ni ushahidi wa uhaba, nyingine ni mtego uliotegwa miaka 100 iliyopita na bado unanasa.

Serikali ilizipiga marufuku Julai 1922, lakini mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukazirudisha kwa kishindo. Novemba 1923 dola 1 ya Marekani ilifikia mark trilioni 4.2. Wachapaji walikuwa mbioni kiasi kwamba noti nyingi za mwaka huo zina maandishi upande mmoja tu, na nyingine ni noti za zamani zilizogongwa thamani mpya juu yake.

Sasa turudi kwenye ile noti ya bluu. Kijani cha kwenye karatasi mara nyingi ni mchanganyiko wa bluu na njano, na rangi ya njano ikiwa dhaifu, jua huila kwanza. Noti iliyokaa dirishani miaka mingi inaweza kugeuka bluu yenyewe. Dawa za kusafishia nazo hufanya hivyohivyo, safari hii kwa makusudi. Hiyo si aina adimu. Ni noti iliyoharibika.

Simu inaongeza utata. Kamera hurekebisha rangi kulingana na mwanga: chini ya taa ya njano karatasi nyeupe inaonekana ya krimu, na kamera ikijaribu kusahihisha inaweza kuigeuza ya kijivu. Kioo cha mnunuzi nacho kina rangi zake. Kubishana kama ni kijani iliyokolea au kijani ya mizeituni kwa picha ya WhatsApp ni kupoteza muda.

Mnunuzi makini huomba picha ya pande zote mbili, kivulini mchana, noti ikiwa juu ya karatasi nyeupe. Jua kwa kawaida hupauza upande ulioelekezwa kwake, kwa hiyo mbele na nyuma zikitofautiana sana, kuna jambo. Huuliza pia namba ya katalogi. Ile ya Hans-Ludwig Grabowski na Manfred Mehl, inayotumiwa sana kwa noti za seti, hutenganisha aina za noti moja, na rangi isiyotajwa humo inahitaji maelezo ya kutosha. Akishaipata mkononi, ile taa ya dukani ya kukagua noti feki inasaidia: karatasi za kisasa zina kemikali zinazong'aa bluu chini yake, karatasi ya 1921 haipaswi kung'aa hivyo.

Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja kwenye soko hili. Meli za Uingereza zilipofunga pwani, koloni la Kijerumani lilikosa noti kutoka Ulaya, na kuanzia 1915 likaanza kuchapisha rupia zake za muda humuhumu. Karatasi ilikuwa yoyote iliyopatikana, hata ya kufungia mizigo, ndiyo maana rupia 1 ileile hupatikana ya kijivu, ya kahawia na ya kijani. Mwaka 1917, vikosi vikiwa vinarudi nyuma porini, noti nyingine ziligongwa kwa herufi za mpira.

Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ilitengeneza pia sarafu, na heller 20 zake zipo za shaba ya njano na za shaba nyekundu. Zikishachakaa zinafanana sana, hasa pichani. Wapo wanaozisugua kwa mchanga au ndimu ili kujua ni ipi kabla ya kuuza, na mkusanyaji akiona mikwaruzo hiyo anashusha bei papo hapo, iwe ya njano au nyekundu.