Kipimo cha Miezi Mitatu Kisibaki Mjini

Mgonjwa wa kisukari anayeshuka kutoka Marangu, Machame au Kibosho kwenda kliniki mjini Moshi aghalabu hupimwa sukari ya asubuhi ile. Ikiwa juzi na jana alijizuia mbege na chai ya sukari, tarakimu itakuwa nzuri, naye atarudi kihambani kwa furaha. Kumbe yawezekana kwamba kwa wiki nyingi kabla ya hapo sukari yake ilikuwa juu, na macho, figo na miguu imeendelea kudhurika kimya kimya. Kipimo hakikusema uongo; kilieleza habari za saa ile tu.

Ndiyo maana tunakitilia mkazo kipimo kingine, ambacho waganga hukiita HbA1c. Sukari ya damu hunata kwenye hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na hukaa humo muda wote wa uhai wa chembe hiyo, ambao ni siku 120 hivi. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, wala hakimlazimu mtu kufunga kula. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari aweza kumwekea mzee au mgonjwa dhaifu lengo jingine. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulithibitisha kwamba wagonjwa wa insulini walioikaribia asilimia hiyo walipunguza sana hatari ya kudhurika macho, figo na mishipa ya fahamu.

Jambo hili si dogo tena nchini. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walitangaza kwamba katika vijiji sita vya Tanzania, vikiwemo vya Kilimanjaro, wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 hivi ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ingawa namna za uchunguzi huo hazikufanana, hapana shaka mzigo umeongezeka.

Hata hivyo, kipimo hiki chataka mtu mwenye kujua kukisoma. Mwenye selimundu, au aliyetoka kuugua malaria kali, au aliyeongezewa damu karibuni, aweza kupata tarakimu ya chini isiyo ya kweli, kwa kuwa chembe zake hazikuishi muda wa kawaida. Upungufu wa madini ya chuma nao waweza kuipandisha. Mgonjwa wa namna hiyo hana budi kumweleza daktari hali yake mapema. Wala kipimo hiki hakiondoi haja ya kupima sukari ya kila siku kwa anayetumia insulini.

Moshi ina bahati ya kuwa na Hospitali ya KCMC tangu mwaka 1971, lakini mlima hauko mbali na wagonjwa wake kwa maili tu. Uko mbali kwa nauli na kwa siku ya kazi inayopotea. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalielewa hili bila kufafanuliwa, maana kati ya mgonjwa wa Micheweni na Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo bahari.

Shirika la Afya Duniani lilikiweka kipimo hiki katika orodha yake ya vipimo muhimu ya mwaka 2018. Tunawaomba wakuu wa afya, Bara na Visiwani, wakifikishe katika hospitali za wilaya kwa bei ambayo mkulima na mvuvi wataimudu, angalau mara mbili kwa mwaka. Nao wagonjwa tunawasihi wasile vizuri kwa ajili ya siku ya kliniki peke yake. Daktari aweza kudanganyika kwa siku moja, bali mguu na jicho havidanganyiki.