Tatizo Ni Mpiga Picha, Si Uchawi

Wadau, nimechoshwa na huu utani: eti mtu wa Sumbawanga akikakamaa mbele ya kamera, ni mambo ya uchawi. Acheni hizo! Mwaka 2015, kwenye uandikishaji wa BVR, Ufipa ilipanga foleni ikapigwa picha kama Watanzania wengine.

Kinachomkakamaza mteja ni amri: "Kaa vizuri! Inua kidevu! Cheka!" Bibi katoka kijijini, hajapewa hata shikamoo, analazimishwa kucheka. Wewe ungecheka?

Msalimie. Mpe kiti. Mwambie mikono aiweke wapi. Piga moja ya majaribio, mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, kisha achague mwenyewe. Huenda ndiyo picha wajukuu watakayobeba siku ya kumzika. Iwe na sura yake, si hofu yako uliyompa.